Ruzuku ya dola 1,000: inamvusha mwanafunzi wa utafiti au inamwacha katikati ya ziwa?

#1 Kisiki_wa_Nguba
Jambo wote. Naleta hoja, mwenye jiwe na arushe. Hizi ruzuku ndogo za mashirika ya hisani, kati ya dola 500 na 1,500, zinakwamisha memwari, yaani tasnifu za kumaliza chuo, nyingi kuliko zile zinazozivusha. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, Kongo, akiambiwa amepata dola 1,000, kesho yake mada imenenepa. Ilikuwa kijiji kimoja cha Kabare, sasa ni Kabare, Walungu na Kalehe. Tereni (safari za kukusanya data) ya mara sita inaishia ya pili, makuta (pesa) yamekwisha, msimamizi anadai sampuli iongezwe, mfadhili anadai ripoti. Asingepata kitu angefanya mada ndogo akatetea na wenzake. Mtu anionyeshe kwa hesabu: dola 1,000 inamaliza utafiti gani?

#2 Plankton_Kivu
Inamaliza ule uliokatwa kwa kipimo chake. Chukua mwangaza wa maji na mwani wa ziwa Kivu: vituo vitatu, kila wiki mbili, miezi sita. Hizo ni safari 13.

Diski ya Secchi, ile ya kupimia mwangaza wa maji, haiagizwi Ulaya. Fundi wa kuchomelea anakata bati nene la duara, kipenyo sentimita 20. Unalipaka robo nyeusi robo nyeupe kwa rangi isiyong'aa, unafunga uzito wa kilo mbili chini yake lisipeperushwe na mkondo. Kamba inatiwa alama kila sentimita 10, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kamba ya nailoni ikilowa inarefuka, kwa hiyo iloweke usiku kucha kwanza, ndipo uipime na kuitia alama ikiwa bado mbichi. Shusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Andika kina diski inapopotea, kisha kina inapoonekana tena ukivuta, halafu chukua wastani.

Sampuli ya mwani: chupa ya mililita 250, Lugol (dawa ya iodini ya kuhifadhi mwani) tone kwa tone mpaka maji yafanane na chai ya rangi isiyokolea. Yakiwa kama kahawa umezidisha. Weka gizani, kagua kila baada ya wiki mbili, maana iodini inatoroka polepole kupitia plastiki. Rangi ikipauka ongeza tone.

Bajeti ya mfano: diski na kamba 25, chupa na Lugol 120, mtumbwi na mpiga kasia 25 kwa safari, mara 13 ni 325, msaidizi 10 mara 13 ni 130, darubini na meza ya labo 200, kuchapa na kufunga memwari 60, dharura 90. Jumla 950. Hamsini iliyobaki muachieni benki, atakayekuja chini atawaeleza.

#3 MzeeKadutu
Dola elfu ya kushusha sahani majini na kuipandisha. Halafu mnasema serikali ndiyo haijui kutumia pesa.

#4 Mama_Bagira
Papa Kadutu, sahani hiyo angalau inapanda. Pesa ndiyo hainaga kamba.

Kwa upande wangu shida si mada kunenepa kama asemavyo #1. Shida ni kwamba dola 1,000 haifiki ikiwa 1,000. Fomu ya SWIFT, mfumo wa kutumiana pesa kati ya benki za nchi mbalimbali, ina njia tatu za kulipa makato: OUR, mtumaji anabeba yote; SHA, mnagawana; BEN, mpokeaji anabeba yote. Mwanafunzi haulizi, mfadhili anaacha SHA. Benki ya kupitishia iliyo katikati ya njia inakata, benki ya hapa inakata, inaingia 940 hivi. Kwa ruzuku ya dola 50,000 hayo ni maji ya kunawa. Kwa 1,000 ni safari mbili za ziwa zimekwenda. Uliza kabla ya kusaini mkataba, na weka mstari wa "gharama za benki" kwenye bajeti, maana ripoti ikisema 1,000 na hati ya benki ikisema 940, unaitwa mwizi kwa hesabu ya watu wengine.

La pili ni majina. Sisi tuna jina, jina la pili la kikwetu, na jina la kwanza. Fomu za nje zina visanduku viwili. Mmoja anaandika jina na la kwanza, anaacha la katikati. Akaunti ina matatu. Kadi ya mpiga kura ina matatu kwa mpangilio mwingine. Benki inarudisha pesa, na kurudi nako kunakatwa. Dawa: andika yote matatu kama yalivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, kuanzia siku ya maombi, siyo siku ya malipo.

#5 Ruzizi_ya_Pili
Ongeza kwa #4: tangu gishe (madirisha ya malipo) za benki zifungwe Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kuna wanaopitisha pesa kwenye akaunti ya shangazi aliye Kamembe au Gisenyi, upande wa Rwanda. Mikataba mingi inakataa akaunti ya mtu wa tatu. Ukilazimika, omba ruhusa kwa maandishi kabla pesa haijatoka, uambatanishe barua ya chuo. Na makato ya wakala wa pesa za simu yaandikwe kwenye ripoti kama yalivyo.

#6 Kisiki_wa_Nguba
Aksanti mama Bagira, hilo la majina nimelinakili. Plankton, hesabu yako tamu, lakini umechagua mada inayolingana na mfuko. Hiyo si kunijibu, ni kukwepa.

#7 Plankton_Kivu
Kuchagua mada inayolingana na mfuko ndiyo kazi yenyewe, yaya. Nikubali kosa langu moja lakini: miezi sita ipi? Kiangazi, Juni mpaka Septemba, upepo unachanganya maji ya juu hadi karibu mita 60. Msimu wa mvua hewa ya oksijeni inaishia mita 25 au 30 hivi. Anayepima Oktoba mpaka Machi peke yake anapata nusu ya mwaka wa ziwa, tena nusu iliyotulia. Ruzuku ikiidhinishwa Juni na pesa ikaingia Septemba, mchanganyiko umempita. Kwa hiyo mimi nasema adui ni kalenda, siyo kiasi. Omba miezi tisa kabla ya msimu unaoutaka, au andika mada inayokubali msimu wowote.

#8 MzeeKadutu
Achaneni na maji. Pimeni sambaza, samaki wetu wa asili wa Kivu, ambaye kila mama sokoni anamjua. Hapo hata bila mfadhili mtu anakula data yake jioni.

#9 Kipepeo_cha_Mwalo
Mzee, sambaza si wa asili. Ni Limnothrissa miodon, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo maana watafiti wengi wanamfuata: ziwa halikuwa na samaki wa maji ya wazi wa aina yake.

Utafiti wa urefu na uzito wake kweli ni wa bei ndogo: ubao wa kupimia wenye milimita, mizani inayosoma gramu 0.01, daftari, betri. Ila bajeti zake zinaanguka kwa sababu ya mwezi. Wavuvi wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja wanavuta samaki kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, wanapumzika kama wiki nzima. Mwanafunzi anaandika "usiku 20 mfululizo", anamlipa msaidizi usiku 20, anapata samaki usiku 13. Panga kwa kalenda ya mwezi: wiki tatu kazi, wiki moja kuingiza takwimu.

Na andika urefu upi. Urefu wa jumla unafika ncha ya mkia, urefu wa kawaida unaishia mwanzo wa pezi la mkia. Wasaidizi wawili wakipima tofauti bila kusema, hakuna ruzuku ya kuokoa hayo majedwali.

#10 MzeeKadutu
Wa kuletwa? Miaka yote hii nakula mgeni?

#11 Kipepeo_cha_Mwalo
Mgeni aliyelipa kodi, mzee.

#12 Volkeno_Goma
Salamu kutoka Goma. Wote mmezunguka penyewe. Kinachomaliza dola 1,000 ni namba 384, idadi ya wahojiwa. Fungua memwari kumi za uchumi, afya au maendeleo, utaikuta. Inatoka hapa: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 mara 0.05. Jibu 384.16. Mtu anainakili kama aya ya Biblia, kisha anatafuta wahojiwa 384 kwa mfuko wa wahojiwa 100.

Kosa la sampuli likiwa asilimia 10 badala ya 5, jibu linashuka hadi 96. Linganisha: wahojiwa 384, kila mhojaji anamaliza 8 kwa siku, ni siku 48 za mhojaji. Wahojiwa 96 ni siku 12. Ukimlipa dola 10 na usafiri 5, ya kwanza ni 720, ya pili ni 180. Memwari yenye swali moja zuri na makundi mawili ya kulinganisha inavumilia 96 au 120. Weka fomu kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu kwa simu, inafanya kazi bila intaneti na inatuma ukipata mtandao. Kurasa 6 mara 120 ni karatasi 720 ambazo hukuzichapa wala kuzibeba kwenye mvua.

#13 Mchungaji_wa_Takwimu
#12 sawa kwa sampuli ya bahati nasibu ya mtu mmoja mmoja. Lakini wengi wanachagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya kijiji. Watu wa kijiji kimoja wanafanana, kwa hiyo 96 yako ina uzito wa chini ya 96. Kawaida watu wanazidisha kwa 2 kama hawana takwimu za awali. Umerudi 192, ndugu wa volkeno. Usipunguze namba bila kubadilisha mpango: vijiji vingi na kaya chache kila kijiji ni bora kuliko vijiji viwili vyenye kaya 48 kila kimoja. Sasa usafiri unapanda. Hakuna cha bure.

#14 Lushois_Kenya
Natoka Lubumbashi, komini ya Kenya, msinitafute Nairobi.

Kwetu ruzuku ndogo inakufa labo. Mada inayopendwa ni shaba na kobalti kwenye udongo wa mashamba, maeneo yanakoelekea upepo kutoka bomba la kiwanda cha kuyeyusha madini, kama Penga Penga. Tereni yake ni rahisi. Kila shamba unachimba sehemu tano, kina sentimita 0 hadi 20, unachanganya kwenye beseni la plastiki, unagawa robo robo mpaka ibaki nusu kilo. Kausha kivulini, pitisha kwenye chujio la milimita 2. Usitumie jembe au ndoo iliyopakwa zinki halafu ushangae zinki imepanda. Chuma kisichoshika kutu au plastiki.

Kisha hesabu. Tuseme labo inataka dola 15 kwa sampuli. Mashamba 40 ni 600, mwanafunzi anafurahi. Amesahau nakala 4 za marudio na sampuli tupu 2 (zisizo na udongo). Ni 46, yaani 690. Akizifuta ili aokoe 90, hajui kama namba aliyoletewa ni ya udongo au ya mashine, na jopo la utetezi litamwuliza hilo kwanza. Afadhali mashamba 30 na nakala zake kuliko 40 bila nakala.

#15 Asistanti_Mchovu
Nipingane na wote kidogo. Kabla ya benki, ziwa, 384 na labo, maombi mengi yanafia kwenye barua ya mdhamini. Mfumo unamtumia profesa ujumbe wenyewe, mara nyingi kwa Kiingereza, unaingia kwenye taka za barua pepe. Tarehe inapita. Mwanafunzi hajui kitu, anasema wazungu wanatubagua. Utaratibu: mpigie profesa wiki tatu kabla, mpe ukurasa mmoja wenye kichwa cha mada, swali, bajeti na tarehe ya mwisho, siku ya kutuma mfumo mwambie aangalie kwenye taka, siku tatu kabla mkumbushe kwa heshima. "Prof, shikamoo, ile barua" inatosha. Ukiwa na nafasi ya kumchagua, chagua anayekujua tereni, hata kama ni asistanti mwenye daktari mpya, kuliko jina kubwa linaloandika mistari minne.

#16 Karani_wa_Makaratasi
#15 ana haki, lakini tusisahau kwamba wafadhili hawafanani, na watu wanabisha mlango usio wao. Rufford ya Uingereza ni kwa uhifadhi. Utafiti mtupu usioonyesha faida kwa viumbe au wanaoishi nao hauingii, hata ukiwa mzuri. IDEA WILD haitoi pesa, inatoa vifaa: darubini, kamera, GPS. Conservation Leadership Programme inataka timu, angalau watu watatu. Sigma Xi inatoa viruzuku vya wanafunzi tangu 1922, na dola 1,000 ni kawaida yake. Sayansi ya jamii waangalie CODESRIA ya Dakar, ambayo imewahi kusaidia uandishi wa tasnifu.

Kuhusu kuchelewa: taasisi binafsi ya hisani ya Marekani, ili impe mtu binafsi ruzuku ya masomo, inapaswa kwanza utaratibu wake uwe umekubaliwa na mamlaka ya kodi ya huko. Ndiyo maana wengine wanataka pesa ipitie chuo. Tena Marekani ina orodha ya vikwazo ya Kongo tangu 2006, na benki zinapitisha kila jina humo. Jina likifanana na la mtu wa orodha, pesa inasimama mpaka mtu athibitishe tarehe ya kuzaliwa. Si chuki, ni kompyuta.

#17 Mama_Bagira
Na chuo kikipokea, uliza kwa maandishi kinakata asilimia ngapi ya usimamizi. Kwa 1,000, kumi kwa mia ni sampuli sita za Lushois.

#18 Motari_Msomi
Hakuna aliyegusa risiti. Motari, dereva wa pikipiki, haandiki risiti, mwenye mtumbwi haandiki, mama wa ndizi haandiki. Fungua karatasi ya kusaini pesa: tarehe, jina, namba ya simu, kazi au njia (mfano Kavumu mpaka Lwiro, kwenda na kurudi), kiasi kwa faranga, bei ya dola siku hiyo, sahihi au kidole. Piga picha kila jioni, maana mvua ya Bukavu haisomi masharti ya mfadhili.

Na dola zenyewe! Ukitoa pesa, kagua kila noti mbele ya karani. Iliyochanika milimita mbili hakuna atakayeipokea mtaani. Noti za dola moja zikatae mapema. Mwanafunzi mwenye noti tatu za mia zilizochanika ana dola 700, hata mfadhili akibisha.

#19 Msafiri_wa_Ramani
Kwa wa GPS za #16: wekeni WGS84 (mfumo wa vipimo vya ramani), na kama mnatumia UTM, ule unaoigawa dunia kwa kanda, Bukavu iko kanda ya 36 Kusini. Wengi wanaweka vibaya, vituo vinaangukia pengine kabisa.

#20 Plankton_Kivu
Ni 35, kaka. Kanda ya 35 inaanza nyuzi 24 mashariki na kuishia 30. Bukavu iko karibu 28.8, Goma 29.2, Lubumbashi 27.5. Zote tatu ni 35 Kusini. Ukiweka 36 ndipo vituo vitahama.

#21 Msafiri_wa_Ramani
Nimekamatwa. Aksanti.

#22 Kisiki_wa_Nguba
Nimesoma yote. Mmoja anasema mada, mwingine benki, mwingine kalenda, mwingine 384, mwingine labo, mwingine barua. Bado sijaona jibu la swali langu: nani amlinde mwanafunzi asinenepeshe mada akishapata? Msimamizi ndiye wa kwanza kumwambia aongeze Walungu.

#23 Asistanti_Mchovu
Hapo umegusa kidonda. Njia moja inayofanya kazi: itifaki ya kurasa mbili inasainiwa na msimamizi kabla ya maombi kutumwa, ikiwa na idadi ya vituo, sampuli na tarehe ya mwisho. Akitaka kuongeza, aonyeshe mstari upi wa bajeti unapunguzwa. Wengine watasema huwezi kumsainisha prof. Unaweza, ukimwambia mfadhili ndiye anadai.

#24 Lushois_Kenya
Huo ujanja wa "mfadhili ndiye anadai" umejenga nusu ya sayansi ya nchi hii.

#25 Kipepeo_cha_Mwalo
Halafu si lazima kila ruzuku inunue tereni. Kwenye vituo vya utafiti vya Lwiro na INERA Mulungu kuna rekodi za zamani za karatasi. Dola 400 za kupiga picha na kuingiza kurasa kwenye jedwali zinaweza kutoa memwari bila kupanda pikipiki hata mara moja. Kila ukurasa uingizwe na watu wawili tofauti, kisha mlinganishe. Panapotofautiana rudini kwenye picha. Nukta ya desimali iliyofifia inageuza milimita 12.5 za mvua kuwa 125.

#26 Nyota_ya_Essence
Samahani natoka nje ya mada. Nimepewa kipima pH kupitia ruzuku ya vifaa, kinasoma 7 kila mahali, hata kwenye siki. Nimekihifadhi vizuri kwenye maji safi ya labo. Shida nini?

#27 Plankton_Kivu
Shida ni hayo maji safi. Yananyonya chumvi ya ndani ya elektrodi. Iweke kwenye myeyusho wa KCl (kloridi ya potasiamu) wa molari 3, usiku kucha, kisha isahihishe kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) 7 na 4. Ukipima maji ya Kivu ongeza bafa 10, maana ziwa liko juu ya 8. Ikiendelea kusoma 7 kwenye bafa 4, imekufa. Ukiandika ripoti, sema hivyo, na uombe elektrodi peke yake, siyo kifaa kizima.

#28 Nyota_ya_Essence
Nimeiloweka sasa hivi. Nitarudi kesho.

#29 MzeeKadutu
Na huyo sambaza, kwa hiyo kule Tanganyika ndiko kwao?